Wenyewe wa Kilima

Mei yangu ya kwanza huku Ireland nusura nifukuzwe chumbani kwa mzee wa watu kwa sababu ya maua.

Nilikuwa naingia zamu ya asubuhi katika nyumba ya kulea wazee, nje kidogo ya mji wa Drogheda. Njia ya kutoka kituo cha basi ina ua mrefu wa miti ya miiba, na mwezi ule yote ilikuwa imechanua, nyeupe pee, utadhani mtu kapita anamwaga unga. Nikavunja tawi moja, nikalitia kwenye glasi ya maji, nikalipeleka chumba cha mwisho kwa mzee ambaye mpaka siku hiyo sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya "asante" na "chai". Ni mtu wa Sligo, magharibi huko, amefuga ng'ombe maisha yake yote, ana miaka 90 na ushei, na huku mashariki ameletwa na binti yake ili awe karibu naye. Alipoliona lile tawi alijiinua kwenye kiti kwa mikono miwili.

"Toa nje hiyo. Sasa hivi."

Nikadhani maua yanamdhuru kifua. Nikatoka mbio, nikalitupa nyasini, nikarudi kuomba radhi. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: mti wenyewe ulikuwa umesimama peke yake au pamoja na wenzake? Nikamwambia ni ua mzima, iko mingi. Akashusha pumzi. "Ungekuwa wa peke yake," akasema, "tungekuwa na kesi, mimi na wewe."

Basi ndipo mazungumzo yetu yalipoanzia. Shambani kwa baba yake kulikuwa na tuta la mviringo, na juu yake mti mmoja wa miiba. Baba alilima kwa farasi akilizunguka, trekta lilipokuja nalo likalizunguka, na hakuna aliyekata pale hata fimbo ya kuswagia ng'ombe. Nikamuuliza walikuwa wanamwogopa nani. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Wao." Wengine husema watu wema, wengine wale jamaa. Jina lenyewe hakulitaja, nami nilikuwa nimeshaelewa kabla hajamaliza, kwa sababu bibi yangu Tanga naye hakuwahi kutamka neno jini jua likishazama. Alisema "wenyewe", basi. Nikamweleza Mzee kwamba kwetu wanaitwa wenyewe, yaani wenye mahali pao. Alicheka mpaka akapaliwa.

Jina ambalo hakulitaja ni *sí*, na nilikuja kulijua baadaye. Kwa Kiairishi neno hilo maana yake ya kwanza ni kilima, kile cha kujengwa kwa mikono juu ya makaburi ya kale. *Aos sí* ni watu wa kilima. *Bean sí* ni mwanamke wa kilima, yule anayesikika akilia usiku mtu wa ukoo fulani anapokaribia kufa. Mahali na wakazi wake wamebeba jina moja. Jambo hili halikunishangaza sana. Anayetoka pwani anajua kuwa mzimu ni roho ya marehemu na mzimuni ni pale panapopelekwa ubani, na hata Dar es Salaam kuna kata nzima yenye jina hilo na watu wanapanga vyumba humo bila wasiwasi.

Nikiri kwamba tuta la baba yake Mzee huenda halikuwa kaburi kabisa. Nchi hii ina makumi ya maelfu ya matuta ya mviringo, *ráth* au *lios*, ambayo wanaakiolojia wanasema ni mabaki ya maboma ya wafugaji walioishi miaka elfu moja na kitu iliyopita. Vilima vya makaburi ni vikongwe kuliko hayo kwa miaka elfu tatu na zaidi. Lakini mkulima hakuwa na muda wa kutofautisha. Kitu cha mviringo, cha kale, hakijulikani nani kakijenga: zunguka.

Nilipomwambia Mzee kwamba kilima kikubwa kuliko vyote kiko kilomita nane hivi kutoka pale alipokaa, alisema anajua. Hajawahi kwenda. Kwa nini? "Sikualikwa."

*

Mimi nilikwenda mwezi wa Agosti, bila kualikwa, na tiketi mkononi.

Mto Boyne ukitoka bara kuelekea Drogheda hupinda ghafla kama kiwiko, na ndani ya kiwiko hicho kuna vilima vitatu vikubwa: Newgrange, Knowth na Dowth, pamoja na vidogo vingi vinavyovizunguka kama vifaranga. Eneo zima linaitwa Brú na Bóinne, na tangu 1993 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Huruhusiwi kuendesha gari lako mpaka mlangoni. Unafikia jengo la wageni upande wa kusini wa mto, unavuka daraja la miguu, halafu basi dogo linawachukua kwa makundi. Utaratibu huo uliniudhi kwa dakika kumi, kisha nikaupenda. Mtu havuki mto kwenda kwa wafu hivi hivi tu, lazima angojee zamu yake.

Newgrange inaonekana kutoka mbali, na kusema kweli mara ya kwanza haikunipendeza. Upande wa mbele una ukuta uliosimama wima wa mawe meupe ya kwatzi yaliyochanganywa na mawe ya kijivu ya mviringo, unang'aa juani kama hoteli mpya. Ukuta huo ni wa miaka ya 1970. Mawe ni ya kale. Kwatzi ilitolewa milima ya Wicklow kusini mwa Dublin, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Lakini yalikutwa yamelala chini mbele ya kilima. Profesa Michael J. O'Kelly wa Cork, aliyechimba hapo kuanzia 1962 hadi 1975, aliamini kuwa ulikuwa ukuta ulioporomoka, akausimamisha upya na kuushikilia kwa zege. Wengine wanasema hapana, yalikuwa yametandazwa chini kama jamvi mlangoni. Kule Knowth, kilomita moja hivi, mwenzake George Eogan alikuta mawe ya namna hiyo hiyo akayaacha chini yalipokuwa. Nimesimama mbele ya yote mawili. Mimi niko upande wa jamvi, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Mbele ya mlango limelala jiwe kubwa lililochongwa mizunguko inayojiviringa mmoja ndani ya mwingine, bila mwanzo wala mwisho unaoweza kuuwekea kidole. Ni mojawapo ya mawe 97 yanayozunguka kitako cha kilima. Kilima chenyewe kina upana wa mita 85 hivi, na kilijengwa karibu mwaka 3200 KK. Mwongoza wageni wetu alisema ni kabla ya piramidi za Giza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema mara elfu tano.

Mabegi tukaacha nje. Picha ndani ni marufuku. Tukaingia mmoja mmoja.

Ujia una urefu wa mita 19, umewekewa mawe marefu pande zote mbili, na mengine yameinama kwa uzito wa miaka hadi inabidi upite ubavu. Mimi ni mtu wa mwili wangu. Kuna mahali nilivuta pumzi, nikaitoa yote, ndipo nikapenya, na jiwe likanisugua mgongoni baridi kama mtungi. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa anahesabu hatua kwa sauti ya chini kwa lugha nisiyoijua. Ukitembea huoni kuwa unapanda, lakini unapanda: sakafu ya chumba cha ndani iko juu kuliko kizingiti kwa karibu mita mbili. Jambo hilo lina maana yake, nitalirudia.

Chumbani unaweza kunyoosha shingo. Dari iko mita sita juu, nayo imejengwa bila saruji wala boriti: mawe bapa yamepangwa duara juu ya duara, kila safu ikitokeza ndani kidogo kuliko ile iliyo chini yake, mpaka tundu likabaki dogo la kufunikwa na jiwe moja. Juu ya mawe hayo, mahali ambapo hakuna jicho lingefika, mafundi walichonga mifereji ya kupitisha maji ya mvua pembeni, na nyufa wakaziziba kwa udongo uliochomwa na mchanga wa baharini. Paa hilo halivuji. Nchi hii mvua hainyeshi, inaishi. Nyumba ninayopanga ina miaka kumi na mitano na dari la bafuni lina ramani ya maji. Huyu fundi wa Newgrange hakuwa na chuma. Hakuwa na gurudumu. Nilitamani nipate namba yake.

Kuna vibaraza vitatu, kulia, kushoto na mbele, na ndani yake masinia makubwa ya jiwe yaliyowekewa mifupa ya wafu, mingine imechomwa moto, mingine haikuchomwa. Kwenye kibaraza cha mbele ipo alama ndogo ya mizunguko mitatu iliyoshikana ambayo sasa utaikuta kwenye hereni na vikombe katika kila duka la Dublin. Ukiiona pale ilipo, gizani, pembeni, karibu imejificha, unaona kabisa kwamba haikuchorwa ili tuitazame.

Pembeni yake kuna majina ya watu. Wageni wa karne za 1700 na 1800 waliingia na visu vyao na kuandika herufi zao kwenye mawe.

Halafu mwongozaji akazima taa.

Giza lile sijui niliseme vipi. Nimekulia mahali pasipo umeme, giza nalifahamu, lakini lile la nyumbani lina vyura, lina jirani anakohoa. Hili halikuwa na kitu. Kisha, kwa taa iliyotegeshwa nje, wakatuonyesha mfano wa kinachotokea asubuhi ya siku fupi kuliko zote za mwaka: uzi wa mwanga ukatambaa sakafuni, ukanenepa, ukafika miguuni petu. Yule mama aliyekuwa anahesabu aliacha kuhesabu.

Mwanga hauingilii mlangoni. Juu ya mlango kuna kidirisha cha mawe, na kwa kuwa ujia unapanda, sakafu ya chumba iko usawa wa kidirisha hicho. Jua likipanda ng'ambo ya bonde siku zile chache za Desemba, mwale unapita hapo moja kwa moja hadi ndani, ukitia mwangaza chumbani kwa dakika 17 hivi, kuanzia saa tatu kasoro dakika mbili asubuhi. Likichomoza kwingine, chumba kinabaki giza mpaka mwakani. O'Kelly alisikia minong'ono kwamba zamani jua lilikuwa likiingia kaburini, akaamua aende mwenyewe kuangalia. Tarehe 21 Desemba 1967 alikaa chumbani peke yake, na likaingia. Wachimbaji walikuta pia jiwe la kwatzi la kuzibia kile kidirisha, na mikwaruzo inayoonyesha kwamba lilikuwa likivutwa na kurudishwa. Mlango wa kaburi ulikuwa umefungwa kwa bamba la jiwe. Waliobaki nje walikuwa wanawafungulia wafu dirisha.

Nilipotoka nje nilikaa kwenye nyasi, nikala ndizi yangu, sikuzungumza na mtu.

*

Knowth nitaipita haraka, si kwa dharau. Ina njia mbili zilizopeana mgongo, moja mashariki na moja magharibi, na mawe yaliyochongwa zaidi ya 200, hazina isiyo na mfano Ulaya ya magharibi. Lakini watu waliishi juu yake na kuchimba ndani yake kwa karne nyingi, wafalme wadogo walikuwa na makao hapo, na mgeni wa leo haingii ndani, anachungulia. Eogan alianza kuichimba 1962 akaipa sehemu kubwa ya maisha yake. Mtu mmoja, kilima kimoja.

Dowth ndiyo iliyonikaa moyoni, kwa sababu imeumizwa. Ukiiangalia kwa mbali ina shimo katikati, kama mkate uliobonyezwa. Miaka ya 1847 na 1848 wasomi wa Chuo cha Kifalme cha Ireland walikuja kutafuta chumba cha katikati, wakachimba kutoka juu, hawakukuta walichotaka, wakaenda zao. Ile ilikuwa miaka ya Njaa Kuu. Watu wanakufa barabarani, na hapa watu wanachimbua wafu wa kale. Kabla yao bwana mkubwa mmoja mwenye shamba alijijengea juu ya kilima kibanda cha kunywea chai. Sitanii.

Jina lake lina hadithi, nayo ni ya kutisha. Inasema mfalme aliwakusanya wanaume wote wa Ireland wamjengee mnara wa kufika mbinguni kwa siku moja, na dada yake akalizuia jua kwa uchawi ili siku isiishe. Mfalme akalala na dada yake. Uchawi ukavunjika, giza likaingia, kazi ikaachwa nusu, na mahali pakaitwa Dubad, yaani giza. Hadithi hiyo iliandikwa katika zama za kati. Sasa sikiliza: mwaka 2020 watafiti wa Trinity College, Dublin, walichapisha matokeo ya DNA ya mifupa kutoka makaburi ya namna hii, na mtu mmoja aliyezikwa ndani ya Newgrange alionekana kuwa wazazi wake ni ndugu wa damu kabisa, kaka na dada au mzazi na mtoto. Wakapendekeza kuwa huenda alikuwa wa ukoo wa kifalme, kama mafirauni waliooana ndani kwa ndani. Wenzao wengine wameipinga tafsiri hiyo: mtu mmoja si ukoo, na katika makaburi yale waliolala pamoja wengi si ndugu wa karibu. Mimi sina ujuzi wa kuamua. Nilimsomea Mzee habari ile wakati namkata kucha. Akasema, "Watu walikuwa wanajua," akanipa mkono wa pili.

Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya Newgrange yenyewe, kwa sababu inakaa vizuri kwenye Kiswahili kuliko kwenye Kiingereza. Kilima kilikuwa nyumba ya Dagda, mkubwa wa wale wa kale. Mwanawe Aengus alizaliwa kwa siri na Boann, yule mto wenyewe, ndani ya siku moja iliyorefushwa kuwa miezi tisa kwa kulisimamisha jua. Alipokua akaenda kuomba urithi wake, akaambiwa vilima vimeshagawanywa. "Basi niazime nyumba," akasema, "*lá agus oíche*." Mchana na usiku. Dagda akaona ni jambo dogo, akampa. Kesho yake anakuja kuidai, Aengus anamwambia: ulinipa mchana na usiku, na dunia nzima ni mchana na usiku, hakuna kingine. Mwingereza ukimsimulia lazima usimame umfafanulie, maana lugha yake inamlazimisha kuchagua kama ni siku moja au siku zote. Kiairishi hakimlazimishi, na Kiswahili hakimlazimishi. Dagda angedhulumiwa Tanga vilevile.

*

Miezi ile nilikuwa nasoma kila nilichokipata, na swali lililokuwa likinirudia ni hili: nani alikuwa mlinzi?

Newgrange kwa miaka mingi mlango wake ulifunikwa na mawe yaliyoporomoka, sawa. Hata hivyo kilima kilikuwa kinaonekana, na watu waliendelea kukiheshimu. Pale mbele zimepatikana sarafu za dhahabu za Kirumi, sadaka zilizowekwa zaidi ya miaka elfu tatu baada ya ujenzi, katika nchi ambayo Warumi hawakuitawala kamwe. Mwaka 863 ndipo kumbukumbu za watawa zinapoandika kwamba wageni wa Kinorse, watu wa Skandinavia, wakiwa na mfalme mmoja wa Kiairishi, walipekua mapango ya Knowth na ya Dowth kutafuta mali, na mwandishi akaongeza kuwa jambo hilo halikuwahi kufanywa kabla. Nisome tena: halikuwahi kufanywa. Mwaka 1699 mwenye shamba la Newgrange, Charles Campbell, aliwatuma vibarua kubeba mawe ya kilima kwa ajili ya kazi za barabara, na hao ndio waliogonga mlango ukafunguka. Halafu wakaja wasomi, halafu visu vya kuandikia majina.

Ukiwapanga hao wote utaona kitu kimoja. Waharibifu wakubwa ni wale wasioogopa. Mkulima maskini mwenye watoto wanane na viazi vichache alizunguka na jembe lake. Mwenye elimu akaja na sururu.

Na hofu hiyo haijaisha, imejificha tu kwenye mzaha. Mwaka 1999 barabara kuu ya Clare ilikuwa ipite juu ya mti wa miiba uliosimama peke yake pale Latoon. Msimuliaji wa hadithi Eddie Lenihan akapiga kelele magazetini kwamba hapo ni kituo cha watu wa kilima wakienda vitani, na mti ukikatwa zitaonekana ajali tu. Barabara ikasogezwa, mti ukazungushiwa uzio. Kule Cavan kaburi la mawe la miaka elfu nne lilihamishwa 1992 kupisha machimbo ya bilionea mmoja wa saruji, likawekwa kwenye uwanja wa hoteli yake. Mwaka 2012 mahakama ya Dublin ikamtangaza muflisi. Benki ziliporomoka nchi nzima miaka ile na wachumi watakupa sababu kumi. Lakini dereva wa teksi aliyenisimulia habari hii hakutaja benki hata moja.

Oktoba nikaenda Sligo na wenzangu wawili wa kazini. Mzee alinitaka nipande Knocknarea, mlima wa kwao, mita 327, ambao juu yake kuna rundo la mawe la upana wa mita 55 na kimo cha mita 10. Wanasema amezikwa humo Malkia Maeve wa Connacht, amesimama, na mkuki mkononi, anawatazama adui zake wa kaskazini. Hakuna aliyewahi kulichimba. Unaliona kutoka mjini, kutoka ufukweni, kutoka dirishani pa chumba cha kulala wageni. Popote ulipo lile chungu la mawe limekutazama. Enzi za Mzee mtu alipanda na jiwe mkononi akaliongeza. Siku hizi wahifadhi hawataki uongeze, hawataki uchukue, hawataki ukanyage, na kibao kinasema hivyo waziwazi. Juu kabisa nilikuta vijana wanateleza kutoka kileleni kwa makalio, na njia nyeupe iliyochimbika ubavuni kama kovu.

Niliporudi nikampa Mzee taarifa yote, pamoja na kibao. Alifikiri.

"Kibao hakiui ng'ombe," akasema.

*

Kuingia Newgrange asubuhi yenyewe ya Desemba ni bahati nasibu. Maelfu kwa maelfu wanaomba, wanaopata ni wachache wa kuhesabika, kwa kuwa chumba ni kidogo na asubuhi zenyewe ni chache. Mwaka 2020, wakati wa korona, hakuna aliyeruhusiwa kuingia na mwale ukaonyeshwa kwenye intaneti. Mimi niliomba, sikupata. Lakini nje hakuna anayekuzuia, basi tarehe 21 rafiki yangu mwenye gari akanipitia saa kumi na mbili asubuhi, giza totoro, barabara ina barafu.

Tulikuta watu wengi tayari. Wengine na ngoma, wengine na majoho meupe, mzungu mmoja kajipaka rangi ya samawati usoni, watoto wamefungwa mablanketi, mbwa, chupa za chai. Walioshinda bahati nasibu wakaingia, tukawaangalia wanavyoinamisha vichwa mlangoni. Saa mbili na nusu ukungu ulikuwa umelala bondeni kama maziwa. Saa tatu kasoro ngoma zikanyamaza zenyewe bila mtu kuamuru. Tukageuka wote kuelekea ng'ambo ya mto.

Halikutoka. Kulikuwa na weupe fulani kwenye mawingu, ukapata rangi ya chungwa kidogo, ukazimika. Mtu mmoja alipiga makofi, akaacha. Waliokuwa ndani walipotoka tukawauliza, na bibi mmoja mwenye kofia ya sufu akajibu kwamba hawakuona kitu, giza tu, halafu akatabasamu kwa namna ambayo nilimwonea wivu. Tulibaki pale nusu saa nyingine, hakuna aliyekuwa na haraka, miguu ikizama kwenye matope yaliyokanyagwa na watu wote wale.

Zamu yangu ilianza saa nane mchana. Nilikwenda moja kwa moja, nikavaa sare, nikapitia chumba cha mwisho kabla hata sijasaini. Mzee alikuwa macho.

"Limeingia?"

"Halikuingia. Mawingu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia matokeo ya mpira. Halafu akainama mbele.

"Hukuchukua kitu? Hata kajiwe?"

"Sikuchukua kitu, Mzee. Nakuapia."

Akanitazama uso, akashuka taratibu kwa macho mpaka chini, akasimama hapo.

"Na hilo tope la viatuni?"

Nikatoka nje kwenye maegesho, nikavua viatu kwenye baridi ile, nikavisugua nyasini kimoja kimoja, mpaka nyayo zikawa safi.